Mbio za Kati za Wanawake: Kutoka Uwanja wa Shule Miyuji hadi Fainali ya Dunia

Jumapili ya tarehe 21 Septemba, 2025, siku ya mwisho ya Mashindano ya Dunia ya Riadha yaliyofanyika jijini Tokyo, Japani, mwanariadha wa Kenya, Lilian Odira, alishinda mbio za mita 800 kwa wanawake kwa muda wa dakika 1:54.62. Kwa muda huo aliifuta rekodi ya mashindano hayo iliyowekwa mwaka 1983 na Jarmila Kratochvílová wa Czechoslovakia, ambayo ilikuwa imedumu kwa miaka 42. Tofauti kati ya rekodi ya zamani na mpya ni sehemu sita tu za mia za sekunde.

Siku sita kabla ya hapo, katika mashindano hayohayo, Mtanzania Alphonce Felix Simbu alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni kwa wanaume kwa muda wa saa 2:09:48. Muda huo ulilingana na wa Mjerumani Amanal Petros, na mshindi akapatikana kwa picha ya mstari wa kumalizia. Huo ulikuwa ubingwa wa kwanza wa dunia kwa Tanzania katika riadha. Ushindi wa Simbu umerudisha hamasa ya mchezo huo nchini, na pamoja na hamasa hiyo umeibua swali ambalo wadau wa michezo wamekuwa wakilijadili kwa muda mrefu: ni lini msichana wa Kitanzania atasimama kwenye jukwaa la washindi wa mbio za uwanjani, wakati majirani wa Kenya, Uganda na Burundi wamekwisha kufika hapo?

Makala haya yanaeleza mbio za kati ni zipi, mashindano yake huendeshwaje, wanawake wa Afrika Mashariki wamefika wapi, Tanzania imewahi kukaribia kiasi gani, na ni njia ipi iliyo wazi kwa mwanafunzi wa kike anayeanza kukimbia leo katika shule ya kata ya Miyuji, Jiji la Dodoma, au kata nyingine yoyote nchini.

Mbio za kati ni zipi

Katika riadha, mbio za uwanjani hugawanywa katika makundi makuu matatu: mbio fupi, mbio za kati na mbio ndefu. Mbio za kati kwa maana iliyozoeleka ni mita 800 na mita 1,500. Maili moja, yenye mita 1,609, huhesabiwa pamoja nazo. Mbio za mita 3,000 na mita 5,000 ziko mpakani, kwa kuwa wakimbiaji wengi wa mita 1,500 hushiriki pia mbio hizo.

Uwanja rasmi wa riadha una mzunguko wa mita 400. Kwa hiyo mita 800 ni mizunguko miwili kamili, na mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Katika mita 800 kila mkimbiaji huanza katika njia yake na hulazimika kubaki humo hadi anapomaliza kona ya kwanza, ndipo anaporuhusiwa kuingia njia ya ndani. Katika mita 1,500 wakimbiaji wote huanza pamoja nyuma ya mstari mmoja uliopinda, na mapambano ya kutafuta nafasi huanza mara tu bastola inapolia.

Ugumu wa mbio hizi uko katika kuunganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai pamoja, yaani kasi ya mkimbiaji wa mbio fupi na pumzi ya mkimbiaji wa mbio ndefu. Muda wa Odira jijini Tokyo ni sawa na kukimbia kila mita 100 kwa wastani wa sekunde 14.3, mara nane mfululizo bila kupumzika. Mwalimu wa michezo akipima mita 100 kwa futi kamba kwenye kiwanja cha shule na kumpa mwanafunzi wake mwenye kasi azikimbie mara moja tu, ataona mara moja maana ya takwimu hiyo.

Sifa nyingine ya mbio hizi ni hesabu. Anayetoka kwa kasi kubwa mzunguko wa kwanza huweza kuishiwa nguvu mita 100 za mwisho, na anayesubiri mno huweza kujikuta amezibwa nyuma ya wenzake bila njia ya kupita. Fainali ya Tokyo ilionesha jambo hilo. Bingwa mtetezi, Mkenya Mary Moraa, aliongoza mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa lakini hakuweza kutetea taji lake. Odira aliyatunza maguvu yake na kuwapita wenzake katika mita za mwisho. Waingereza Georgia Hunter Bell na Keely Hodgkinson walishika nafasi ya pili na ya tatu kwa dakika 1:54.90 na 1:54.91, tofauti ya sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Hodgkinson ndiye aliyekuwa bingwa wa Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Namna mashindano yanavyoendeshwa

Kushiriki Mashindano ya Dunia si suala la mwaliko. Shirikisho la Riadha Duniani huweka kiwango cha kufuzu kwa kila mbio. Kwa mashindano ya Tokyo, mwanamke alitakiwa awe amekimbia mita 800 kwa dakika 1:59.00 au pungufu, au mita 1,500 kwa dakika 4:01.50 au pungufu, katika mashindano yanayotambuliwa na ndani ya kipindi kilichowekwa. Nafasi zilizosalia hujazwa kwa kufuata orodha ya ubora wa wanariadha duniani, hadi kufikia washiriki 56 katika kila moja ya mbio hizo. Nchi huruhusiwa kuwa na washiriki watatu katika mbio moja, na bingwa mtetezi huweza kuongezwa juu ya idadi hiyo.

Mbio hukimbiwa kwa hatua tatu: mchujo, nusu fainali na fainali. Katika mita 800, washiriki hugawanywa katika makundi saba ya mchujo. Watatu wa kwanza wa kila kundi, pamoja na watatu wengine wenye muda bora, huingia nusu fainali. Nusu fainali huwa tatu, na kutoka kila moja huchukuliwa wawili wa kwanza, kisha wawili wenye muda bora huongezwa kukamilisha idadi ya wanane wa fainali. Katika mita 1,500 muda hauangaliwi tena. Sita wa kwanza wa kila kundi husonga mbele, na fainali huwa na wakimbiaji 12.

Maana yake ni kwamba anayetaka medali ya mita 800 hukimbia mara tatu ndani ya siku chache. Mwili usiozoea kurudia jitihada kubwa hauwezi kustahimili, hata kama mkimbiaji ana muda mzuri wa siku moja. Hii ndiyo sababu makocha husisitiza mashindano mengi ya ndani kabla ya mwanariadha kupelekwa nje.

Mlango uliofungwa kwa miaka 32

Wanawake hawakupewa mbio hizi kirahisi. Mita 800 kwa wanawake ziliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, na Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2:16.8, muda uliokuwa rekodi ya dunia. Baada ya fainali hiyo magazeti kadhaa yalieneza habari kwamba wakimbiaji walianguka ovyo kwa uchovu, na kwamba mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa umbali huo. Ukweli ni kwamba wakimbiaji wote tisa wa fainali walimaliza mbio. Hata hivyo mbio hizo ziliondolewa, na hazikurejeshwa hadi Olimpiki ya Roma mwaka 1960.

Mita 1,500 kwa wanawake zilisubiri hadi Munich mwaka 1972. Mita 3,000 zilianza Los Angeles mwaka 1984, na mwaka 1996 nafasi yake ikachukuliwa na mita 5,000. Mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa wanawake zilianza katika Mashindano ya Dunia ya Helsinki mwaka 2005, na bingwa wa kwanza akawa mwana wa Afrika Mashariki, Dorcus Inzikuru wa Uganda.

Rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanawake ni dakika 1:53.28. Iliwekwa na Kratochvílová mjini Munich tarehe 26 Julai, 1983, na bado haijavunjwa. Katika mita 1,500, rekodi ni ya Mkenya Faith Kipyegon, aliyekimbia dakika 3:48.68 mjini Eugene, Marekani, tarehe 5 Julai, 2025.

Majirani walivyofika kileleni

Mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa bingwa wa dunia katika riadha alipatikana kwenye mbio za kati. Ni Hassiba Boulmerka wa Algeria, aliyeshinda mita 1,500 jijini Tokyo mwaka 1991 na kuongeza dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona mwaka uliofuata. Maria Mutola wa Msumbiji, nchi inayopakana na Tanzania kwa upande wa kusini, akafuatia kwa ubingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1993, 2001 na 2003, na dhahabu ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Katika Afrika Mashariki, Janeth Jepkosgei wa Kenya alishinda mita 800 Osaka mwaka 2007. Mwaka uliofuata, Pamela Jelimo, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda mbio hizo Beijing kwa dakika 1:54.87 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Siku chache baadaye Nancy Langat akashinda mita 1,500. Eunice Sum alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2013, na Mary Moraa mwaka 2023. Uganda ilipata bingwa wake mwaka 2019 Doha, Halimah Nakaayi akishinda kwa dakika 1:58.04. Burundi ilipata medali ya fedha ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kupitia kwa Francine Niyonsaba.

Kilele cha mafanikio hayo kilionekana Tokyo mwaka 2025. Wanawake wa Kenya walishinda mbio zote za wanawake kuanzia mita 800 hadi marathoni: mita 800, 1,500, 5,000, 10,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na marathoni yenyewe. Ukiondoa viunzi, umbali wote huo ulikimbiwa kwa miguu mitupu ya mazoezi ya kila siku, bila kifaa ambacho nchi maskini haiwezi kukinunua.

Kipyegon, Odira na suala la uzazi

Mafanikio ya Faith Kipyegon yanastahili kuelezwa peke yake. Ameshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo: Rio, Tokyo na Paris. Hakuna mwanamke mwingine aliyefanya hivyo katika mbio hizo. Ubingwa wa dunia ameutwaa mara nne, mwaka 2017, 2022, 2023 na 2025, na wa mwisho aliupata kwa dakika 3:52.15. Mwaka 2023 peke yake alivunja rekodi za dunia za mita 1,500, mita 5,000 na maili moja ndani ya wiki saba.

Ukiziangalia tarehe hizo kwa makini, utaona kwamba sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilipatikana baada ya kujifungua mtoto wake wa kike mwaka 2018. Odira naye ni mama wa watoto wawili. Kwa miaka mingi imeaminika katika jamii nyingi kwamba msichana akiolewa au akizaa, michezo yake imekwisha. Mifano hii miwili inaonesha kwamba uzazi husimamisha mazoezi kwa muda tu, endapo mwanariadha atapata huduma za afya, muda wa kutosha wa kupona, msaada wa familia na mwajiri anayemsubiri.

Jambo la mwajiri si dogo. Kipyegon ni mtumishi wa Jeshi la Polisi la Kenya, na Odira yuko katika Idara ya Magereza ya nchi hiyo. Mshahara wa kudumu humwezesha mwanariadha kupita miaka ambayo hana zawadi za mashindano. Tanzania inao utaratibu unaofanana na huo, kwa kuwa vyombo vya ulinzi na usalama vimekuwa vikiajiri wanamichezo. Simbu mwenyewe ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Upande wa shule, Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea shuleni katika mfumo rasmi. Uamuzi huo ulilenga elimu, lakini una manufaa kwa michezo pia, kwa sababu shule ndiyo mahali ambapo vipaji vingi vya riadha huonekana kwa mara ya kwanza.

Sekunde moja na nusu Helsinki

Tanzania ina historia kubwa katika mbio za kati za wanaume. Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2. Mwaka 1975 akavunja pia rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3:51.0. Katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Bayi alipata fedha ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000. Hizo ndizo medali mbili za Olimpiki ambazo Tanzania inazo.

Kwa upande wa wanawake, medali za kimataifa zilianza mapema. Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika ya kwanza, Brazzaville, mwaka 1965. Katika mbio, Restituta Joseph aliiwakilisha nchi katika Olimpiki za Sydney mwaka 2000 na Athens mwaka 2004. Hata hivyo, hakuna mwanamke wa Tanzania aliyewahi kupata medali ya Olimpiki au ya Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Aliyekaribia zaidi uwanjani ni Zakia Mrisho, mzaliwa wa Singida, mkoa unaopakana na Dodoma katika uwanda wa kati. Katika fainali ya mita 5,000 ya Mashindano ya Dunia ya Helsinki mwaka 2005, Zakia alimaliza wa sita kwa dakika 14:43.87. Nafasi nne za kwanza zilichukuliwa na Waethiopia, wakiongozwa na Tirunesh Dibaba kwa dakika 14:38.59. Nafasi ya tano ilikwenda kwa Xing Huina wa China, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa taratibu. Kutoka kwa Zakia hadi kwa mshindi wa medali ya shaba, Ejegayehu Dibaba, palikuwa na sekunde 1.40. Baada ya mizunguko kumi na miwili na nusu, mwanamke kutoka uwanda wa kati wa Tanzania alikuwa chini ya sekunde moja na nusu kutoka kwenye jukwaa la washindi, na nyuma ya bingwa wa dunia kwa sekunde 5.28. Miaka saba baadaye, katika ufunguzi wa Olimpiki ya London mwaka 2012, ndiye aliyebeba bendera ya Taifa.

Matokeo ya Helsinki yanajibu hoja mbili. Kwanza, yanaonesha kwamba kipaji hakikosekani katika mikoa ya kati. Pili, yanaonesha kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kujaza pengo la mfumo. Waethiopia walikuwa wanne katika fainali ile. Zakia alikuwa Mtanzania peke yake. Nchi inayotaka medali katika mbio hizi huhitaji kundi la wasichana wanaofanya mazoezi pamoja na kushindana kila wiki, ili anayefika fainali awe amezoea kusukumwa.

Kanuni za ustahiki wa kundi la wanawake

Mbio za kati ndizo zilizoguswa zaidi na mjadala wa kanuni za nani anastahili kushindana katika kundi la wanawake. Katika fainali ya mita 800 ya Rio mwaka 2016, medali zote tatu zilikwenda Afrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Mwaka 2019 zilianza kutumika kanuni zilizowataka wanariadha wenye tofauti za maumbile ya kijinsia na viwango vikubwa vya homoni ya testosteroni kuvipunguza kwa dawa ili waruhusiwe kukimbia umbali wa kuanzia mita 400 hadi maili moja. Wanariadha wote watatu waliathirika. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Semenya alipeleka shauri lake mahakamani, na tarehe 10 Julai, 2025, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba haki yake ya kusikilizwa kwa usawa ilikiukwa nchini Uswisi. Uamuzi huo haukuzifuta kanuni zenyewe.

Tangu tarehe 1 Septemba, 2025, Shirikisho la Riadha Duniani linamtaka kila mwanariadha anayeshiriki kundi la wanawake katika mashindano yanayohesabiwa kwa ubora wa dunia apimwe vinasaba vya jeni ya SRY. Kipimo hufanywa mara moja tu maishani, kwa kuchukua sampuli ya ndani ya shavu au ya damu. Kusimamia upimaji huo ni jukumu la shirikisho la riadha la kila nchi.

Kwa wazazi na walimu, ni muhimu kuelewa kwamba kipimo hicho kinahusu ngazi ya juu ya kimataifa. Hakihusu mashindano ya shule, wala hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kumhoji au kumkagua mwanafunzi wa kike kwa sababu ya umbo lake au kasi yake. Taarifa za afya za mwanariadha ni siri yake, na heshima ya mtoto hutangulia matokeo ya mbio.

Njia ya msichana wa Miyuji

Kwa mwanafunzi wa Tanzania, ngazi ya kwanza ni michezo ya shule. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari huanzia shuleni, yakapanda hadi kata, wilaya, mkoa na hatimaye taifa. Msichana wa Miyuji anayeshinda mita 800 katika kata hukutana na wenzake wa kata nyingine za Jiji la Dodoma, kisha wa wilaya nyingine za mkoa. Kila ngazi humpatia jambo ambalo mazoezi ya peke yake hayawezi kumpa, yaani mpinzani.

Nje ya shule, mchezo wa riadha husimamiwa na Riadha Tanzania, ambayo huteua timu ya Taifa. Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, husimamia vyama vyote vya michezo. Kamati ya Olimpiki Tanzania huratibu ushiriki katika Olimpiki na Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwanariadha anayetaka matokeo yake yatambuliwe kimataifa hana budi kushindana katika mashindano yanayotambuliwa na vyombo hivyo. Muda uliopimwa kwa saa ya mkononi kwenye kiwanja cha shule humwonesha mwalimu kipaji, lakini hauwezi kumfuzisha mtu.

Mwaka 2017 yalianzishwa jijini Dar es Salaam mashindano ya riadha ya wanawake pekee yanayojulikana kama Ladies First, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani. Mmoja wa waliosukuma wazo hilo ni Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 na kushika nafasi ya pili Boston mara tatu mfululizo. Lengo lilikuwa kuwapa wasichana kutoka mikoani nafasi ya kushindana wao kwa wao katika uwanja wenye viwango.

Mazingira ya Dodoma yana faida na changamoto. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho ni cha wastani ukilinganisha na Iten nchini Kenya, ulio karibu mita 2,400. Ardhi ya uwanda ni tambarare kwa sehemu kubwa, na barabara za vumbi ni rafiki kwa magoti kuliko lami. Jua, hata hivyo, ni kali na hewa ni kavu, hivyo mazoezi yanapaswa kufanywa alfajiri au jioni, maji yakiwa karibu.

Wataalamu wa michezo hushauri mambo machache kwa wasichana wanaoanza. Mtoto asilazimishwe kuchagua umbali mmoja mapema, kwa kuwa kasi hujengwa kwanza na pumzi hufuata. Mlo uwe na vyakula vyenye madini ya chuma, kama mboga za majani, maharage, dagaa na nyama inapopatikana, kwa sababu upungufu wa damu huwapata wasichana zaidi na hupunguza uwezo wa mwili kubeba hewa. Hedhi inayokoma kwa miezi kadhaa si dalili ya mazoezi mazuri. Ni dalili ya mwili usiopata chakula cha kutosha, na msichana huyo apelekwe kituo cha afya. Mazoezi yafanyike kwa kundi na chini ya mtu mzima anayefahamika na wazazi.

Mashindano yaliyo mbele

Kalenda ya kimataifa inatoa malengo ya wazi. Michezo ya Jumuiya ya Madola imepangwa kufanyika Glasgow kuanzia tarehe 23 Julai hadi 2 Agosti, 2026, na katika ratiba yake maili moja imechukua nafasi ya mita 1,500. Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, imepangwa kuanza tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba, 2026, na itakuwa mara ya kwanza kwa tukio la Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mashindano ya Dunia ya Riadha yatafuata Beijing Septemba 2027, na Olimpiki ya Los Angeles Julai 2028.

Msichana mwenye miaka 14 leo hatakuwa tayari kwa Beijing, na pengine si kwa Los Angeles. Mkimbiaji wa mbio za kati huchukua miaka mingi kukomaa. Odira alikuwa na miaka 26 aliposhinda Tokyo, na Kipyegon alikuwa na miaka 31 alipotwaa ubingwa wake wa nne. Kwa hiyo kazi inayofanyika sasa katika shule za kata ni ya miaka kumi ijayo, na mzazi anayemruhusu binti yake kubaki uwanjani saa moja baada ya masomo ni sehemu ya kazi hiyo.

Sekunde 1.40 zilizokosekana Helsinki mwaka 2005 bado hazijapatikana. Zitatafutwa kidogo kidogo katika mashindano ya shule, kambi za mikoa na ajira zinazomruhusu mwanariadha kuzaa na kurudi. Mshindi wa kwanza wa kike wa Tanzania, atakapopatikana, atakuwa ameanza kwa kushinda mbio za kata.